Mtu Yuko Wapi Katika Picha Hii?

Mwonyeshe mtu wa kwetu picha ya Ziwa Tanganyika iliyopigwa Baraka asubuhi: maji, rasi ya Ubwari upande wa pili wa ghuba, mawingu machache, ufuo. Ataitazama kwa heshima. Atasogeza simu karibu na macho, ataikuza kwa vidole viwili, atatafuta. Kisha atauliza: mtu yuko wapi? Ukimwambia hakuna mtu, atakurudishia simu yako kwa upole, kama mwalimu anayemrudishia mtoto daftari lisiloandikwa kitu.

Rai hiyo ina nguvu kwetu Lusangi, ina nguvu Kasongo mjini na Kabambare, na ukivuka ziwa utaikuta Kigoma inakungoja. Picha ni ya mtu, wanasema. Maji, kilima na mti ni vya kutazamwa kwa macho, kisha ukaendelea na safari yako. Kuvipiga picha ni mchezo wa watalii, au wa kijana aliyekosa kazi na kupata chaji. Na mtu wa kwetu anayekwenda ziwani huwa anakwenda kununua ndagala. Akirudi na picha ya mawimbi, nyumbani watamwuliza kama mawimbi yanapikwa.

Ninaipinga rai hiyo, ila si kwa kuwacheka wenye nayo. Ina asili yake, na asili yenyewe ni ya haki kabisa. Enzi za filamu, roli moja ilitoa picha 36, na kila mlio wa kamera ulikuwa na mtu wa kuulipia. Mpiga picha aliyezunguka masoko kwa baisikeli alikuwa na karatasi ya kununua, dawa za kusafishia na watoto wa kulisha. Angepigaje picha kilima? Kilima hakilipi. Basi zikapigwa arusi, ubatizo, Idi, mtoto aliyefaulu mtihani, askari aliyerudi likizo na saa mpya mkononi. Halafu zikaja vita: 1964, 1996, 1998. Watu wa mashariki ya Kongo walikimbilia porini, wengine wakavuka maji hadi Tanzania, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996 na kujaa. Kwa aliyepoteza nyumba na ndugu, picha ndogo ya sura ya marehemu ikawa ndiyo kaburi, ndiyo ukoo, ndiyo ushahidi kwamba fulani aliwahi kuishi. Hakuna mwenye akili atakayemwambia mtu huyo kwamba alipaswa kubeba picha ya mlima.

Lakini angalia kilichotokea. Filamu imekufa, simu imeingia, picha ya elfu moja haigharimu zaidi ya ile ya kwanza, na bado tunapiga kana kwamba tumebakiwa na moja tu kwenye roli. Sababu ya mfukoni imekwisha, mazoea yamebaki, na sasa tunayatafutia falsafa: eti picha bila mtu ni picha tupu. Hilo ndilo ninalolikataa. Nasema picha ya ufuo usio na mtu, ikiwa na tarehe na ikijulikana ilipopigwa, inaweza kuwafaa wajukuu wetu kuliko picha zetu kumi tukiwa tumesimama mbele ya ufuo huo huo tumeuziba.

Nianzie ziwani. Lusangi hatuna ziwa. Tuna mto Luama na Lualaba, na kulifikia Tanganyika ni kuelekea mashariki kwa Lulimba na Fizi, barabara ambayo sitaki kuisifia. Hata hivyo ziwa linatufikia lenyewe. Maji yake yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba kati ya Kabalo na Kongolo, kisha yanashuka kuelekea Kasongo. Si mengi, kwa maana sehemu kubwa ya maji yanayoingia Tanganyika huondoka angani kwa mvuke, lakini yanafika.

Mlango huo wa Lukuga uliwahi kuwagombanisha watu wazima kwa miaka ishirini. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 na kuondoka bila kujua ziwa linatokea wapi. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi ncha ya kaskazini, wakakuta Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Mwaka 1874 akaja Cameron, akapita pwani ya magharibi, akatangaza kwamba ameliona tokeo: Lukuga, na maji yake yanakwenda magharibi polepole. Miaka miwili baadaye Stanley alirudi, akalizunguka ziwa lote, akasimama pale pale, akasema hapana: hii ni ghuba iliyozibwa na matope na mafunjo, maji hayatoki, ingawa yanapanda na siku moja yatavunja. Kisha mwaka 1879 Hore, mmisionari wa Kiingereza, na baada yake Joseph Thomson, wakakuta mto unakwenda kwa nguvu na kishindo.

Ulaya wakasomana vitabu na kushukiana. Yupi mwongo? Hakuna. Ziwa lilikuwa limepanda kwa miaka mingi nyuma ya kizuizi cha udongo, likafika kilele karibu mwaka 1878, likavunja, na kabla ya karne kwisha likawa limeshuka karibu mita 10. Kila msafiri alisema ukweli wa siku yake. Kilichokosekana ni kitu kimoja cha bei nafuu: picha mbili za mahali pamoja, moja ya 1874 na nyingine ya 1876, zikionyesha maji, mafunjo na kingo. Hazikuhitaji mtu yeyote mbele yake. Mtu yeyote mbele yake angeziharibu.

Na usiniambie kamera hazikuwapo. Safari ya Livingstone ya Zambezi, iliyoanza 1858, ilikuwa nazo, na John Kirk, huyo huyo aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipiga mto na mibuyu. Lakini Livingstone alipofika kwetu Maniema hakuwa na kifaa hicho tena. Alilala Kabambare miezi mingi mwaka 1870 hadi mwanzo wa 1871, vidonda miguuni, akiandika. Ndiyo maana tunajua alivyokasirika, alivyoumwa, aliosema nao. Lakini mtu akiuliza bonde la Kabambare lilikuwa na msitu kiasi gani mwaka ule, tunabaki na maneno ya mgonjwa aliyekuwa kitandani.

Kinyume chake kipo mpakani kwetu na Uganda. Mwaka 1906 mwanamfalme mmoja wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda Ruwenzori akiwa na mpiga picha Vittorio Sella. Sella alipiga barafu na miamba, tena kwa ustadi mkubwa. Wakati ule pengine zilionekana picha za fahari. Leo ndizo kipimo: mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilikuwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 6.5, na kufikia 2003 ilibaki karibu moja. Wanasayansi wanapanda na nakala za Sella mkononi, wanasimama aliposimama, wanapiga tena. Barafu iliyokuwa ikionekana kutoka upande wa Kongo na kulisha vijito vya Mutwanga na mto Semliki ina ushahidi wake kwa sababu mtu mmoja hakuona haya kupiga picha isiyo na mtu.

Sisi tunao mlima wetu unaoyeyuka, ila wetu ni wa maji na unakwenda juu. Mvua kubwa za mwisho wa 1961 zilipandisha maziwa yote ya Afrika Mashariki; Tanganyika lilifika kilele mwaka 1964. Halafu likashuka, na watu wakafanya walichofanya watu wa kila mahali: wakalifuata. Nyumba, maghala, makanisa, mialo ya kuanikia ndagala, vyote vikashuka na maji hadi pale ambapo wazee walikuwa wamefunga mitumbwi. Kuanzia 2020 ziwa likarudi kudai. Uvira, Baraka, Kalemie na Bujumbura ng'ambo ya Ruzizi, maji yaliingia majumbani, na mwaka 2024 yakaingia tena. Ukiwasikiliza waliohamishwa, wengi wanasema jambo moja: ziwa halijawahi kufika hapa. Wanasema kweli ya umri wao. Babu aliyebaki anasema lilifika, mwaka ule wa uasi wa Mulele, 1964, lilifika hadi kwenye ule mti. Mti upi? Uliokatwa.

Hapo ndipo ninapomkumbusha msomaji albamu za nyumbani. Familia nyingi za pwani ya ziwa zina picha za miaka ya 1960 na 1970. Zitazame. Utamwona baba amevaa suruali pana, mama na kitenge kipya, nyuma yao pazia la studio lililochorwa ngazi na maua, au ukuta, au ziwa lililofifia kwa sababu mpiga picha alilenga uso. Sura tunazo. Ufuo wenyewe haumo, na ufuo ndio uliokuja kuvunja nyumba za watoto wao. Hata vita vya 1965, alipovuka Che Guevara kutoka Kigoma hadi Kibamba mwezi Aprili, vimetuachia zaidi nyuso na bunduki. (Che mwenyewe, kabla ya yote hayo, aliwahi kujipatia mkate kwa kupiga picha wapita njia Mexico. Alijua biashara: uso ndio unaolipa.)

Sasa nifike kwenye hoja nzito. Kuna msomi wa Kikongo, naye si wa kupuuzwa, atakayesema: picha isiyo na mtu ndiyo iliyotunyang'anya nchi. Tarehe 1 Julai 1885 Dola ya Leopold wa Pili ilitangaza kwamba ardhi tupu ni mali yake. Ardhi tupu ni ipi? Ile ambayo Mzungu akiitazama haoni kibanda. Mashamba yaliyopumzishwa, misitu ya kuwindia, makaburi ya kale, mito ya uvuvi, vyote vikaitwa utupu. Mwaka 1925 ikaja Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na watu wakatolewa ili mandhari ibaki safi. Kwa hiyo, msomi anasema, wewe unayepiga ziwa na milima bila mwenyeji wake unaendeleza uongo ule ule: nchi nzuri, haina mtu, njooni.

Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote, na nusu yake naikubali. Zipo picha za mandhari zilizopigwa kwa jicho la mnunuzi wa kiwanja. Lakini waliotia sahihi amri ya 1885 hawakuhitaji picha, walihitaji kalamu. Na wala kumweka mtu katika picha hakukutulinda. Casimir Zagourski, Mpolandi mwenye studio Léopoldville, alizunguka Kongo na nchi jirani kuanzia 1929 na kutoa mamia ya kadi za posta alizoziita Afrika inayotoweka. Zimejaa watu. Nyuso nzuri, ngozi inang'aa, mwanga umepimwa. Majina yako wapi? Chini yake mara nyingi kumeandikwa kabila au nchi, basi. Watu wapo na hawapo. Basi tatizo si uso kukosekana. Tatizo ni nani anayesimulia kilichomo.

Na mandhari yetu, ikisomwa na mwenyeji, haijawahi kuwa tupu. Chukua mwembe. Mwembe haukuota Maniema wenyewe. Uliletwa na Waungwana waliotoka pwani na Unyamwezi, walioleta pia mpunga na ndimu. Penye miembe mikubwa ya zamani, mtu wa Kasongo au Kabambare anajua palikaliwa: hapa palikuwa njia ya msafara, pale palikuwa boma. Kasongo ya mfanyabiashara Tippu Tip, iliyotekwa na jeshi la Leopold chini ya Dhanis Aprili 1893, haiko tena ilipokuwa. Mahali pake panaitwa Tongoni, na wanaakiolojia wamechimba hapo miaka ya karibuni wakitafuta chini ya udongo kile ambacho miti iliyosimama juu yake inakisema bure. Chukua mchikichi ulio peke yake katikati ya msitu: hapo palikuwa kijiji. Chukua kichaka chenye umri mmoja, miti yote ya kimo sawa: hilo ni shamba lililolala, na mwenye nalo yupo, anangoja lipate nguvu. Mwonyeshe mgeni picha ya mahali hapo, ataona kijani. Mwonyeshe Mbangubangu aliyezaliwa hapo, atakutajia majina ya watu kuanzia kushoto kwenda kulia.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 bado inasema udongo wote ni mali ya Dola. Picha ya miembe si hati, na sitamdanganya mtu kwamba itamshindia kesi. Lakini katika mabishano ya mpaka wa mashamba, ambayo hakuna kijiji kisichoyajua, mwenye picha ya bonde ya miaka ishirini iliyopita, inayoonyesha michikichi yake imesimama na kijito kinapita upande gani, ana cha kuweka mezani. Mwenye picha ya mjomba amesimama bondeni ana mjomba.

Tunalo pigo letu wenyewe la kutufundisha. Salamabila, ndani ya teritwari yetu ya Kabambare, palikuwa na vilima vyenye dhahabu: Mwendamboko, Kakula na vingine vya Namoya. Wazazi wetu walivijua kwa umbo. Mashine kubwa zikaja, uzalishaji wa kibiashara ukatangazwa Januari 2016, baruti na tingatinga vikafanya kazi yake, kisha kampuni ikashindwa kwa sababu ya ghasia na kusimama. Umbo lililobaki si lile la zamani. Nimewauliza watu wa huko kama wana picha ya vilima vile kabla. Wanazo, wanasema, na wanazitoa kwa furaha: vijana watatu wamekumbatiana, mmoja ameshika sururu, na nyuma ya mabega yao kinachungulia kipande cha kijani. Kilima kimezibwa na wenye kilima. Siku wakidai fidia ya mto uliochafuka au mashamba yaliyofukiwa, wataulizwa hali ya mwanzo ilikuwaje, na upande wa pili utakuja na ramani zake, picha zake na wanasheria wake.

Wapo wanaosema kazi hiyo ifanywe na setilaiti. Ni kweli, Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972 na tangu hapo ziwa letu linapigwa picha kutoka juu mara kwa mara. Zina faida kubwa. Lakini kutoka juu mawingu ya msimu wa mvua, ambao ndio msimu maji yanapopanda, huziba kila kitu, na setilaiti haioni alama ya maji kwenye ukuta wa shule, wala jiwe ambalo wavuvi hulitumia kujua kimo cha ziwa, wala jinsi mlima unavyoonekana ukiwa mlangoni kwa mama yako. Isitoshe, picha hizo ziko kwenye kompyuta za watu wengine. Tumeshaonja hilo. Picha nyingi za Maniema ya kale ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje ya Brussels, na mtoto wa Kasongo anayetaka kuona Kasongo ya bibi yake aanze kwa kuomba viza.

Wapo pia wanaoogopa, na hofu yao si ya kijinga. Mtu anayepiga picha watu ni mpiga picha. Anayepiga picha ziwa na milima ni mpelelezi. Tumekulia katika nchi ambayo daraja, bandari na uwanja wa ndege havipigwi, na katika Fizi na Kabambare yenye vikundi vya silaha, swali la "unapeleka wapi picha hizo?" linaweza kuulizwa na askari wa serikali leo na kijana wa mai-mai kesho. Sitamshauri mtu afanye ushujaa. Pita kwanza kwa chefu wa kijiji, mweleze, mwonyeshe. Ondoka penye kambi, penye kizuizi, penye daraja. Piga picha mchana, mbele za watu, na uwaonyeshe uliyoyapiga. Mpelelezi hafanyi hivyo. Lakini pia tujiulize ni adui gani wa leo, mwenye setilaiti na ndege zisizo na rubani, anayesubiri simu ya mtu wa Lusangi ili ajue Tanganyika liko wapi. Hofu hiyo inatuzuia sisi peke yetu.

Jinsi ya kupiga? Hapa niseme kidogo, maana wengi wakisikia picha za mandhari huwaza machweo. Machweo ya Tanganyika ni ya Kigoma na Bujumbura. Anayesimama Baraka au Kalemie jua linamchomozea upande wa ziwa asubuhi na kumpotelea nyuma ya milima jioni, mapema kabla ya saa yake. Kwa hiyo asubuhi utapata anga la dhahabu na ufuo mweusi usiosomeka, picha ya kuwekea salamu za Krismasi. Ukitaka ufuo usomeke, ngoja alasiri, jua likiwa mgongoni mwako: kila jiwe litaonekana, na Ubwari utaonekana na mikunjo yake yote. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, moshi wa nyasi zinazochomwa na ukungu hufunika upande wa pili. Baada ya mvua kubwa anga huoshwa na unaweza kuona milima ya Tanzania. Usiku usio na mwezi taa za wavuvi hujaa majini, na kwa kweli sijui mtu asiyezipenda, ila hizo piga kwa ajili ya moyo wako.

Picha ya kazi haina uzuri mwingi. Chagua kitu kisichohama: mwamba, ngazi za kanisa, nguzo ya mwalo. Simama hapo hapo kila mara. Weka mstari wa maji ulalie sawa. Usiongeze rangi, simu nyingi siku hizi zinapaka anga buluu bila kuulizwa, zima kitu hicho. Rudi mwisho wa mvua, Mei hivi, ziwa linapokuwa juu, na tena Oktoba linapokuwa limeshuka. Simu ya bei rahisi inatosha kabisa. Na ukitaka kumweka mtu ili kimo cha maji kionekane, mweke, asimame pembeni, hakuna aliyekataza.

Jambo gumu zaidi ni kuitunza. Simu inaanguka majini, inaibwa, inauzwa siku mtoto akiugua. Studio bado zipo Kasongo na Baraka, na karatasi moja haimshindi mtu bei. Kwa hiyo namwomba kila anayepanda kwenda ziwani kununua ndagala msimu huu, kabla hajafunga magunia yake, apige ufuo ulivyo, bila kujipiga mwenyewe. Akirudi aichapishe, nyuma yake aandike kwa kalamu tarehe, mahali aliposimama na upande aliotazama, na aiweke katika albamu ile ile ya arusi na ubatizo. Wanaobaki Lusangi wafanye vivyo hivyo kwa Luama na kwa miembe iliyobaki.